Upande Mbovu wa Lenzi

Kwaaa… chak.

Hivyo ndivyo shata ya kamera ya Nassibu ilivyolia. Ilifunguka, ikasita kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata, kisha ikafunga. Katika kusita huko ulitakiwa usipumue. Watu wa Shinyanga waliokaa kwenye kigoda chake tangu mwaka 1958 hadi alipofunga studio, miaka ya themanini, bado wanazo picha ukutani ambamo wametoa macho kama waliokabwa koo. Ukiwauliza husema, "Si mimi, ni kamera ya Nassibu."

Mwenyewe hakuona cha kuchekesha. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye kofia ya kitambaa na vidole vilivyogeuka rangi ya chai kwa sababu ya dawa za kusafishia picha. Alizaliwa Tabora. Baba yake alikuwa Mmanyema aliyetoka Ujiji akiuza chumvi na vitambaa, kituo hadi kituo, kufuata reli. Kazi ya picha alijifunza kwa Mhindi mmoja hukohuko Tabora, akafagia duka lake miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kugusa kitu chochote chenye kioo. Alipohamia Shinyanga alikuja na mke wake, Zuwena, godoro, na kamera kubwa ya mbao ya miguu mitatu. Lenzi aliinunua baadaye kwa fundi mmoja Mzungu wa mgodi wa Mwadui aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao.

Ilikuwa lenzi ya sura. Namna hiyo ya lenzi hutengenezwa kwa kazi moja tu, kupiga uso wa mtu, na Nassibu alipoiangalia mara ya kwanza, nzito, imezungushiwa shaba, alihisi amepata mke wa pili. Ilimchukua mwaka mmoja kujua tabia zake.

Tabia ya kwanza ilikuwa ulaini. Hao walioitengeneza huko Ulaya (kiwanda chao kina jina, lakini Nassibu hakupenda kulitamka, aliwaita "hao mabwana") walikuwa wameifanya makusudi ilainishe ngozi, ifute makunyanzi, mama wa kizungu wa miaka sitini atoke kama wa arobaini. Lakini wateja wa Nassibu hawakutaka kufutwa kitu. Walikuja wachimbaji kutoka Geita, watu walionusurika chini ya ardhi, wakitaka ionekane kwamba wamenusurika.

"Mzee, kovu langu liko wapi?" mmoja wao alimuuliza siku moja, picha mkononi.

"Lipo, ngosha," Nassibu alisema, akimwita mwanaume kwa Kisukuma, "lipo. Angalia vizuri."

"Naangalia. Hapa kwenye paji la uso pana uso wa mtoto mchanga. Hili kovu nilitolewa nalo kwenye duara, shimo la dhahabu, wenzangu wawili hawakutoka. Wewe umelifuta kwa ruhusa ya nani?"

Nassibu alichukua kalamu ya risasi, akamchorea kovu lake palepale. Yule mtu akaondoka ameridhika nusu.

Tabia ya pili ilikuwa weupe. Siku za Idi, mji mzima ukija na kanzu zilizofuliwa kwa bluu, lenzi ilishindwa. Weupe wa nguo ulimwagika juu kama maziwa yaliyochemka, ukapanda shingoni, ukalamba kidevu. Mtu mweusi aliyevaa nguo nyeupe, jambo la kawaida kuliko yote katika nchi hii, lilikuwa jambo ambalo hao mabwana hawakulifikiria.

Tabia ya tatu ilikuja na uzee. Ndani ya lenzi kuna vioo viwili vilivyoshikanishwa kwa gundi. Mnamo mwaka 1970 gundi hiyo ilianza kuachia upande mmoja. Tangu hapo, upande wa kushoto wa kila picha ulitoka na ukungu. Katikati palikuwa na nafuu, kulia pakavu. Nassibu alichora alama ya chaki sakafuni, akahamisha kigoda upande wa kulia, na kila mteja wa peke yake akakaa hapo. Ukungu aliukata kwa mkasi.

Kwa picha za familia alibuni njia nyingine, ambayo hakumwambia mtu isipokuwa mke wake. Alimvuta pembeni mwenye kulipia picha, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Katika hawa, nani si wa damu?" Yeyote aliyetajwa alipelekwa kushoto. Ndiyo maana hadi leo, katika nyumba nyingi za Shinyanga, mashemeji wana ukungu.

*

Barua ya kwanza kwa hao mabwana iliandikwa mwaka 1971. Nassibu hakujua Kiingereza, kwa hiyo alikwenda kwa Klara, karani wa mashine ya chapa katika ofisi ya chama cha ushirika wa pamba, mwanamke wa Kihaya aliyevaa miwani na asiyeogopa mtu. Alimkuta wakati wa mapumziko ya mchana.

"Andika," Nassibu alisema, akiwa amesimama. "Ninyi ni wavivu."

Mashine ikalia.

"Lenzi yenu ya sura mmeitengeneza kabla ya vita ya Hitla na hamjaigusa tena. Sisi huku tuna nyuso pia. Tengenezeni nyingine isiyomwaga weupe na isiyofuta watu makovu. Na gundi yenu ni ya uongo."

Mashine ikalia, ikanyamaza.

"Nisomee kwa Kiswahili."

Klara alirekebisha miwani. "Waheshimiwa mabwana, kwa unyenyekevu mkubwa ninaomba kuwafahamisha…"

"Wavivu wako wapi?"

"Wamo, Mzee Nassibu."

"Wapi?"

"Wamo ndani ya unyenyekevu. Ukimtukana mtu kwa Kiingereza hakujibu. Nilianza kuchapa barua kabla hujatimiza mwaka katika mji huu, niachie kazi yangu."

Jibu lilichukua miezi saba. Karatasi ilikuwa nzuri, nene, yenye nembo. Klara alimsomea. Hao mabwana walimshukuru kwa uaminifu wake. Walisema lenzi hiyo inapendwa ulimwengu mzima kwa ulaini wake, na hawaoni haja ya kuibadilisha. Kuhusu gundi, aitume lenzi kiwandani; matengenezo yatachukua kama mwaka mmoja. Waliambatanisha kitabu cha bidhaa zao.

"Mwaka mmoja," Nassibu alisema. "Na mimi mwaka huo nipige picha kwa kutumia jicho la nani?"

Hakuituma. Lakini kitabu alikisoma, yaani alikiangalia picha moja baada ya nyingine, kila jioni, mpaka Zuwena akakichoka. Hao mabwana walikuwa na lenzi mpya ya kuvuta vitu vya mbali. Walikuwa na lenzi mpya ya kupiga wakimbiaji. Katika ukurasa wa ishirini na tatu, ikiwa ndogo, chini kabisa, palikuwa na lenzi ya sura. Ileile. Hata picha yake ilikuwa ileile ya zamani, na kivuli chake kimeanguka upande uleule.

Mwaka 1975 kikaja kitabu kingine. Nassibu alikifungua mlangoni, hajavua viatu.

"Mama Akida! Njoo uone! Njoo uone watu hawa!"

Zuwena alitoka jikoni, mikono ina unga. "Wamekutengenezea?"

"Wametengeneza lenzi ya samaki."

"Ya nini?"

"Ya samaki! Ya kuzama nayo majini! Samaki mwenye maji yake, asiyeomba picha, asiye na harusi, asiye na pasipoti, yeye katengenezewa lenzi. Mtu aliyeumbwa na uso, hapana. Ukurasa wa thelathini na moja, angalia. Ileile. Wamebadilisha rangi ya jalada!"

"Basi nenda ukapige samaki," Zuwena alisema, akarudi jikoni.

Barua nne zilikwenda, majibu matatu yakarudi, yote yenye shukrani kwa uaminifu wake. Nassibu alianza kuchukia neno hilo. Alimwambia Klara kwamba wao wanamshukuru kwa uaminifu kama mtu anavyomsifu punda kwa kutohama. Klara akasema hilo hawezi kulichapa, halina nafasi katika barua ya kiofisi.

*

Novemba ya mwaka 1978, siku mvua za vuli zilipokuwa zinaanza na vita vya Kagera vimeshatangazwa redioni, aliingia studioni mwanamke wa Kisukuma kutoka upande wa Bugarama. Jina lake lilikuwa Melania, lakini kila mtu alimwita Mama Kulwa. Nyuma yake waliingia vijana wawili wa miaka ishirini, warefu, sura moja, mashati ya buluu yaliyokatwa kwenye kitambaa kimoja. Mmoja alichechemea.

"Shikamoo mzee," walisema kwa pamoja.

"Marahaba," Nassibu alimjibu wa kwanza, kisha akamgeukia wa pili, "marahaba." Alikuwa ameishi Usukumani miaka ishirini; alijua kwamba pacha hajibiwi kwa jibu la mwenzake. Ukimpa mmoja kiti, mwingine naye apate kiti. Ukimgombeza mmoja, wagombeze wote. Kulwa ndiye hutangulia kuzaliwa, Doto hufuata, na baada ya hapo wazazi hutumia maisha yao kuhakikisha hakuna aliyepungukiwa.

"Mzee," Mama Kulwa alisema, "huyu Doto anaondoka kesho. Lori la jeshi linawachukua pale uwanjani saa nne asubuhi. Walikwenda wote kujiandikisha, huyu Kulwa wakamkataa, mguu wake uliangukiwa na jiwe kwenye duara kule Geita. Tangu niwazae hawajalala nyumba mbili tofauti. Nataka picha. Moja. Wote wawili, sawasawa."

Nassibu alimvuta pembeni kwa mazoea, akafungua mdomo kuuliza swali lake, akaufunga. Katika hawa, nani si wa damu? Hapakuwa na wa kupelekwa kushoto.

Akajipa moyo. Alijua kwamba ukilibana sana tundu la lenzi picha huwa kali, hata ule upande mbovu hupata nafuu. Lakini kubana tundu kunataka mwanga mwingi, na nje mbingu ilikuwa imefunga kama kifuniko. Mwanga uliokuwa ukiingia kupitia paa la kioo ulikuwa wa kuhesabika. Alimweka Kulwa kulia, karibu na ukuta, apate pa kuegemea kwa ajili ya mguu. Doto akakaa kushoto. Alilifungua tundu lote kwa sababu hakuwa na njia nyingine, akapiga.

Kesho yake, saa moja asubuhi, Mama Kulwa alikuja na wanawe. Aliipokea picha kwa mikono miwili. Aliitazama muda mrefu.

Kulwa alikuwa pale, kila nywele mahali pake. Doto alikuwa kama mtu aliyesimama nyuma ya mvuke wa sufuria. Macho yalikuwa mashimo mawili yenye kivuli. Ukimtazama, alikuwa anaondoka.

"Huyu umempeleka wapi?" mama aliuliza.

"Mayu," Nassibu alisema, akimwita mama kwa Kisukuma, "ni lenzi. Ndani mna gundi…"

"Gundi."

"Gundi ya kiwandani, Ulaya. Nimewaandikia tangu mwaka sabini na moja, wana lenzi ya samaki, lakini…"

"Mwanangu anakwenda vitani," Mama Kulwa alisema, "wewe unanieleza habari za gundi na samaki."

Aliiweka picha mezani, uso chini. Akakaa kwenye benchi, akaweka mkono mmoja juu ya goti la Doto.

"Haendi. Umeshamtoa katika watu, na mimi nimeona kwa macho yangu. Hapandi lori lile mpaka sura yake irudi."

"Mama," Doto alisema, "nitaitwa mtoro. Watakuja kunichukua nyumbani kwa pingu."

"Waje."

"Mama, ni karatasi tu."

"Kama ni karatasi tu, kwa nini Kulwa yumo?"

Kulwa alitazama chini, kana kwamba yeye ndiye aliyemwibia mwenzake uso.

Nassibu akasema atawapiga mmoja mmoja, kila mtu upande mzuri, awabandike kwenye kadi moja. Mama Kulwa hakunyanyua hata kichwa. "Niliwabeba tumbo moja, wewe unataka kuwapa karatasi mbili?"

Hapo Nassibu alikasirika. Hakumkasirikia mama, alimwona ana haki, na hilo ndilo lililomchoma. Alikasirikia ile karatasi nene yenye nembo, na maneno ya kushukuru. Aliiendea kamera, akachomoa kile kibao cha mraba kinachoshika lenzi, akakileta mpaka puani mwa Mama Kulwa.

"Tazama! Tazama mwenyewe! Unaona huo weupe pembeni, kama mtoto wa jicho? Miaka minane! Mimi si mchawi, mayu. Mimi ni mtu mwenye kioo kibovu, na wenye kioo wanapiga samaki!"

Mama Kulwa aliutazama ule weupe. Nassibu akageuka, akakirudisha kibao kwenye kamera kwa hasira, kwa kishindo. Ndipo akaona kwamba jina la hao mabwana, lililochongwa kwenye shaba, limesimama kichwa chini.

Alikuwa amekipachika juu chini. Alinyoosha mkono akigeuze, mkono ukabaki hewani. Aliingia chini ya kitambaa cheusi, akatazama kioo cha nyuma. Ukungu ulikuwa umehama. Sasa ulikuwa kulia, na kushoto kulikuwa kukavu kama siku lenzi ilipotoka kiwandani.

Alitoka chini ya kitambaa, kofia imeanguka.

"Kaeni," aliwaambia vijana. "Kaeni kama jana. Mama Akida, niletee kadi nyeusi, ile ngumu! Saa ngapi?"

"Mbili kasoro robo," Zuwena alijibu.

Aliwaeleza kwa haraka. Atairudisha lenzi kama ilivyokuwa, afunike nusu moja ya filamu kwa kadi, apige Kulwa. Kisha atageuza lenzi, afunike nusu ya pili, apige Doto. Filamu ni moja, karatasi itakuwa moja. Ila kati ya kwanza na ya pili hakuna kusogea hata kidogo.

"Nani anaanza?" mama aliuliza.

"Kulwa. Kama ulivyowazaa."

Mama akaitikia kwa kichwa.

Walikaa. Mawingu yalikuwa yaleyale. Kulwa, aliyekaa wima bila kuegemea ukuta, alianza kutetemeka mguu.

"Niegemee," Doto alimwambia bila kuchezesha midomo.

"Usijifanye mwanajeshi mapema."

"Nikirudi na cheo utanipigia saluti."

"Mimi nilitangulia kutoka. Cheo ninacho tayari."

"Msicheke!" Nassibu alipiga kelele kutoka chini ya kitambaa. "Nawaomba, msicheke, msipumue!"

Shata ikafunguka, ikasita, ikafunga. Nassibu alichomoa kibao, akakigeuza, akakipachika, akahamisha kadi upande wa pili. Tangu kabla ya shata ya kwanza bega la Kulwa lilikuwa limeshuka, likalala juu ya la Doto, na likabaki hapo. Shata ikafunguka mara ya pili.

Filamu aliisafisha mwenyewe, mlango umefungwa. Wakiwa nje, walimsikia akiongea humo gizani.

"Anaongea na nani?" Mama Kulwa aliuliza.

"Na mabwana zake wa Ulaya," Zuwena alisema.

"Wanamsikia?"

"Hawajawahi."

Aliikausha filamu kwa spiriti, akipepea, mambo ambayo Mhindi wake wa Tabora angemchapa kwayo. Saa tatu na dakika ishirini alitoka na karatasi ikiwa bado na unyevu. Aliipeleka moja kwa moja kwenye dirisha, akawapa mgongo wote.

Kulwa alikuwepo. Doto alikuwepo, kope, nukta ndogo ya ndui shavuni, na kile kicheko alichokizuia. Hakuna aliyemzidi mwenzake. Lakini katikati, pale nusu mbili za filamu zilipokutana, ulishuka mstari mweupe mwembamba kutoka juu hadi chini, ukipita baina yao. Kadi ilikuwa imekaa vibaya kwa unene wa uzi.

Nassibu aliuma meno. Miaka saba ya barua, ukurasa wa ishirini na tatu, ukurasa wa thelathini na moja, na sasa uzi. Kule uwanjani lori lilianza kupiga honi, kuita watu.

Alikaa mezani, akachukua brashi ya nywele chache na wino, akaanza. Ukutani mstari ulikuwa rahisi kuziba, wino ukafuata kivuli cha kitambaa kilichotundikwa nyuma yao. Chini, kwenye suruali, pia. Alichelewa pale mabegani. Alitia nukta moja, akaifuta kwa ncha ya kitambaa, akatia nyingine, mpaka kijivu cha shati moja kikaingia katika kijivu cha jingine, kama walivyokuwa wamekaa kweli. Jasho lilimtiririka, akalizuia kwa mkono lisidondoke.

Honi ikalia tena. Doto alisimama, begi mgongoni. Mama yake hakusimama.

Nassibu aliileta picha, akampa kwa mikono miwili. Mama Kulwa aliisogeza karibu na macho. Alimtafuta Doto kwanza. Aligusa shavu lake, nukta ile ya ndui, akahakikisha. Alimtazama Kulwa. Akarudi kwa Doto. Kidole chake kikatembea polepole kutoka uso mmoja kwenda mwingine, kikasimama katikati, mahali palipokuwa bado na unyevu.

"Na hapa?" aliuliza. "Hapa pana nini?"

Nassibu, aliyekuwa amepiga kelele asubuhi nzima, aliinama karibu naye, akaongea kwa sauti ambayo hata Zuwena, aliyekuwa mlangoni, hakuisikia vizuri.

"Hapo ni bega, mayu. Wamegusana."